Muulize Bibi wa Barabara ya 14: Mpangaji halipi, na yeye ananidai

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina nyumba ya chini Mikanjuni, nimeigawa sehemu nne, kila moja ina chumba, sebule, jiko, choo cha ndani na mita yake ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Sehemu ya tatu anakaa fundi gereji, huu ni mwezi wake wa kumi tangu aingie. Pango ni 120,000 kwa mwezi. Alilipa miezi sita ya mwanzo kwa mkupuo, tangu hapo hajatoa hata shilingi. Nikimdai, anasema na yeye ananidai hela ya jengo anayokatwa akinunua umeme, pamoja na 38,000 alizotengenezea bomba la choo. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari. Jirani ananishauri ning'oe mlango. Unasemaje? (Baba Watatu, Mikanjuni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mlango uache mahali pake.

Mwaka 1998 mimi niliung'oa, hapa hapa Ngamiani, Tanga. Mpangaji alikuwa na deni la miezi mitatu, 18,000 za wakati ule. Nikamwita seremala mchana, mwenyewe yuko kazini, mlango tukauegemeza uani. Usiku ule ule cherehani yao ikaibwa. Wakaenda Baraza la Nyumba, na kesi ikanigeukia: sikuwa mdai tena, nilikuwa mtu aliyeacha chumba cha wenzake wazi. Nililipa cherehani, nikarudisha mlango, na deni langu likaishia humo. Mke wa yule bwana alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ile. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko fedha. Na kumkatia mtu umeme au maji ni yale yale, usije ukahamia huko.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana fundi ana haki yake hapo. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayekatwa ni yule anayenunua umeme, awe mwenye nyumba au mpangaji. Mtu akisafiri miezi mitatu bila kununua, siku akirudi anakatwa ya miezi yote mitatu kwa mara moja, uniti zinakuja chache, anabaki kujiuliza kafanywa nini. Basi kwa miezi kumi fundi amekulipia 15,000. Ongeza 38,000 za bomba kama ana risiti, inakuwa 53,000. Deni lake la miezi minne ni 480,000. Ukitoa chake, anabaki na 427,000.

Mwandikie hivyo hivyo, na uanze na kile unachodaiwa wewe. Nimeshuhudia ugomvi mwingi wa pango ukipoa pale mwenye nyumba anapokubali kidogo cha mwenzake kabla ya kudai kikubwa chake.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza. Mita nne, nyumba moja. Waombe wapangaji wote risiti zao za umeme. Kama zote zinakatwa, nyumba yako inalipa 6,000 kwa mwezi badala ya 1,500. Chukua namba za mita zote nne uende ofisi inayoshughulikia kodi ya jengo, ueleze kuwa ni jengo moja, ibaki inakatwa mita moja tu. Na hao watatu wengine, kama wamekatwa, nao wanakudai. Usisubiri waje kukuambia.

Barua yako mpe siku 30, nakala moja akusainie. Zikipita, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa. Hapo mara nyingi panatosha, maana mwenyekiti anawajua wote wawili. Ikishindikana, Baraza la Kata. Siku hizi, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata kwenye mambo ya ardhi na nyumba linasuluhisha tu, halihukumu. Hukumu iko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Ukishinda, anayemtoa mpangaji ni dalali aliyeagizwa na baraza, si wewe na jirani yako.

Hapo ndipo ile karatasi ya daftari inaponitia wasiwasi. Zamani serikali ilikuwa na sheria ya kudhibiti pango, mpangaji akiona kazidishiwa anakimbilia barazani. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Leo bei ni mlivyokubaliana, na mlivyokubaliana ni mlivyoandika. Mkataba una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwako pango la mwaka ni 1,440,000, kwa hiyo ushuru ni 14,400. Mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi. Ukitoa mkataba mpya, taja humo kiasi cha pango, tarehe ya kulipa, nani anatengeneza bomba, na kwamba hela ya jengo inapunguzwa kwenye pango. Kwangu kila mpangaji anakuja na risiti zake za LUKU siku ya kulipa, tunajumlisha mbele ya macho yake, anatoa kilichobaki. Miaka mitatu sasa sijasikia neno "jengo" likitamkwa kwa hasira.

SWALI: Bibi, nyumba yangu ya Kange nimeipangisha kampuni. Tumekubaliana 400,000 kwa mwezi, wamenilipa 360,000. Hii si dhuluma? (Mama Mkubwa, Kange)

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Kampuni inatakiwa kuikata na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa jina lako. Dhuluma itakuwa wakiikata wakakaa nayo. Wadai hati ya zuio, karatasi inayoonyesha kodi waliyokukata, kila wanapolipa, uzitie kwenye bahasha moja, utazihitaji siku ya kufanyiwa hesabu zako za kodi. Kama hawajakupa hata moja mpaka sasa, nenda Jumatatu asubuhi ukakae kwa mhasibu wao mpaka akuchapie.