Bullet journal bila kujua kuchora, inawezekana?

SWALI: Anti shikamoo, mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, nasoma chuo alafu jioni nauza zabibu. Wenzangu bullet journal zao (yale madaftari ya kupangia mambo yako kwa alama fupi fupi) zina maua mpaka raha, mi kuchora siwezi, niache tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiache! Ryder Carroll, yule Mmarekani aliyeitangaza 2013, yake ni ya kawaida kabisa, hayo maua watu wamejiongezea (na wengine wanachora wee mpaka kazi zenyewe hazifanyiki). Chukua kaunta buku, andika namba za kurasa, mwanzoni acha nafasi ya yaliyomo. Kazi weka nukta, tukio kiduara, maelezo kistari, ukimaliza ile nukta unaipiga X, na ikibaki unaihamishia mwezi ujao kwa alama ya >. Hapo kwenye kuhamisha ndo penyewe, maana ukijikuta unaandika "kudai deni Majengo" kwa mara ya tatu lazima uamue, unaenda kudai au unalifuta ujue moja. Urembo ukiutaka, chora kichala kimoja cha zabibu kila mwezi, viduara tu hata mtoto anaweza, kila siku uliyouza unapaka rangi kimoja.