Kasirika, Lakini Mwambie Maji Yanajaa

Jo ana haki ya kukasirika. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana kila nikikaa na mabinti wa ukoo wetu kuizungumza Little Women, hakukosi mtu mzima wa kudakia kutoka jikoni: “Si angemsamehe tu? Mdogo wake yule!” Huyo hajaharibiwa kitu kisichorudi.

Kwa asiyeijua, ni riwaya ya Mmarekani Louisa May Alcott, iliyoanza kutoka mwaka 1868. Ndugu wanne wa kike wanakua na mama yao huku baba yuko kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jo, wa pili, ni mwandishi. Amy, kitinda mimba, ananyimwa kufuatana na dada zake kwenda kutazama mchezo wa kuigiza, na kulipa kisasi anakitia motoni kitabu cha hadithi ambazo Jo ameziandika kwa mkono kwa miaka. Jo alikuwa ndiyo kwanza amezinakili upya, na nakala kongwe keshaiharibu. Hakubakiwa na kitu.

Joto hilo nalijua. Mdogo wangu aliwahi kulibeba daftari langu la mashairi akampa muuza njugu wa mtaani kwetu Wete, Pemba, enzi njugu zikifungwa kwa karatasi za madaftari ya skuli. Sababu ni kuwa nilimsemea kwa mama kwamba hakwenda chuoni kusoma Kurani. Watu wakawa wanatafuna njugu huku wanasoma mapenzi yangu. (Kuna aliyesifu vina. Sikufurahi.)

Jioni ya siku Jo alipogundua kitabu kimeungua, Amy anamwomba radhi mezani, chai imeshatengwa na wote wapo. Jo anamjibu kuwa hatomsamehe kamwe. Usiku mama anamnong'oneza asiliache jua lizame na hasira yake. Mimi naona mama kaharakisha. Nami niliombwa radhi hivyo hivyo, nimezungukwa na bibi, shangazi na jirani aliyefuata sukari, wote wamenikodolea macho nitamke “nimekusamehe”. Nikatamka, basi tu niachwe, na mdogo wangu alilijua hilo kuliko wote. Ukiwa wewe ndiye msuluhishi nyumbani, waondoe watazamaji kwanza, na usidai jibu siku hiyo.

Dini yetu imetupa nafasi. Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wa hao wawili ni yule anayeanza kutoa salamu. Watu huzishika siku hizo tatu kama onyo tu. Mimi naziona pia kuwa ni ruhusa ya kupoa, mtu asisukumwe. Na zikiisha kinachotakiwa ni salamu. Kurudi kulala kitanda kimoja na kupeana siri kutakuja kwenyewe, au kusije.

Lakini balaa la Jo halikungoja siku tatu. Kesho yake anakwenda na rafiki yao Laurie kuteleza juu ya mto ulioganda barafu. Meg, dada mkubwa, anamshauri Amy awafuate, angoje Jo achangamke ndipo ajipendekeze. (Ushauri mbovu. Aliyetoka kwenda kupunga upepo mwacheni apunge.) Laurie anaikagua barafu, anapiga kelele: kaa ukingoni, katikati si salama. Jo anasikia. Amy yuko nyuma anahangaika kusimama, hakusikia. Jo anamtazama, na nafsi inamwambia: kasikia hakusikia, shauri yake. Barafu inapasuka, Amy anadumbukia.

Kununa kwa Jo nitakutetea mpaka kesho. Onyo alilolimeza ndilo nisiloweza kulitetea.

Wanawake wanaolima mwani baharini wanalijua jambo hili bila ya kusoma riwaya. Mama na jirani yake wa shamba walikuwa hawasemezani kwa ajili ya vigingi vilivyovuka mpaka. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, nao huingia ndani sana kufunga mbegu kwenye kamba. Maji yakirudi hujaza vijito vilivyo nyuma yako kabla hujageuka. Mama alikuwa akipaza sauti, “Maji hayooo!” bila ya kumtaja mtu wala kumtazama. Zamu nyengine anayepaza ni yule. Wakifika nchi kavu, kila mtu na njia yake.

Amy anaopolewa mzima, na baada ya ajali hiyo mama yake Jo anamfunulia siri: yeye mwenyewe hukasirika karibu kila siku, na miaka 40 ya kuhangaika na hasira imemfikisha kuitawala tu. Mumewe alikuwa akiweka kidole mdomoni, naye hufumba mdomo au hutoka. Hapa namvulia kofia. Ila ishara kama hiyo mpangane mapema, mkiwa mnacheka, maana ikizuliwa katikati ya ugomvi inakuwa ugomvi wa pili.

Sura inaisha kwa kukumbatiana na yote kusahauliwa. Wewe usiingojee ajali ikufanyie kazi hiyo. Aliyekosa atafute cha kurudisha. Mdogo wangu alikwenda kuzikomboa karatasi zilizosalia kwa pesa zake za Idd, zina mafuta na chumvi. Nikazipokea kimya. Asubuhi yake salamu yake niliiitikia.

Siku hizi ugomvi wa ndugu umehamia kwenye simu, na la kwanza mtu afanyalo ni kumbloku mwenzake. Kila anayenijia namwambia: nyamaza ukitaka, usimjibu, toka kwenye grupu la familia upumue. Lakini mama akishikwa na homa, au msiba ukitokea, habari itapita wapi? Mchague mtu mmoja, mjomba au shangazi, asiyependa kuongeza chumvi. Akikosekana, ifungue bloku utume mwenyewe, kavu kavu, bila “u hali gani” wala kikatuni cha moyo: “Boti ya asubuhi haitoki, upepo mkali. Usiende bandarini.”