Kabla ya kuita lori la kontena, shughulikia udongo kwanza

Nawaambia hii kwa sababu mimi ilinigharimu. Niliweka kontena ya futi 20 kwa ploti yangu huku Ruai, mashariki mwa Nairobi, nilitaka kufungua hadiwea, na akili yangu yote ilikuwa kwa kontena yenyewe, iko na kutu wapi, mabati imetoboka ama haijatoboka, fundi akate dirisha upande gani. Ploti nilifyeka nyasi tu nikaona nimemaliza.

Na ilikuwa Aprili. Mtu wa Ruai, Utawala ama Njiru ameshajua mambo yalivyoenda. Huu udongo wetu mweusi ukinyeshewa unavimba na kunata, jua likiwaka unakauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Lori lilipita geti vizuri, hatua chache hivi gurudumu la nyuma likazama, tukakaa hapo hadi jioni tukitupia mawe chini ya tairi. Dereva aliniongezea pesa ya kungojea na sikubishana, haikuwa makosa yake.

Kontena ikashushwa. Mzee mmoja fundi wa mjengo akaiangalia akaniambia, "Mama, hii udongo itakunywa hii kontena." Nilidhani anatafuta kazi. Baada ya wiki mbili za mvua kona moja ikazama kidogo tu, hata kwa macho huoni, lakini mlango mmoja ukakataa kufunguka kabisa.

Yule mzee alinieleza na nikaelewa. Kontena haijalalia tumbo, inasimama kwa kona zake nne. Futi 20 ikiwa tupu ni zaidi ya tani 2, futi 40 inakaribia tani 4, sasa ongeza saruji na misumari yako ndani, uzito wote unaenda kwa zile kona. Moja ikishuka fremu inapinda, na milango ndiyo inaumia kwanza.

Kwa hivyo tulirudia kazi, jeki chini, mbao, kona moja baada ya nyingine, siku tatu. Fanya hivi kabla, ni rahisi zaidi: chimba udongo mweusi wote utoke mpaka ufike ardhi ngumu (kwangu ilikuwa kama futi mbili na nusu, kwako inaweza kuwa zaidi), jaza mawe ya hadikoo ukishindilia kidogo kidogo, usimwage yote mara moja, halafu kila kona mwagia zege iinuke juu ya ardhi. Hiyo nafasi ya chini inapitisha hewa na sakafu haiozi. Zege ikauke vizuri kabla ya kubebeshwa. Kupima usawa, ile paipu ya mafundi ya kuona ndani, ikiwa na maji, inatosha, pima kona zote nne, usiamini macho. Halafu mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali, huo usiuruke hata kama pesa imeisha.

Njia pia. Lori lina upana wa karibu mita 2.5, geti ya mita 3 linaweza kupita likija moja kwa moja, lakini kama barabara yenu ni nyembamba na lazima likate kona, haliingii. Kontena ikiwa juu ya lori kimo kinafika kama mita 4, kwa hivyo tembea kutoka barabara kuu ukiangalia juu, waya za stima na za intaneti zinaning'inia kila mahali. Za stima usiruhusu mtu aziinue na mti, ita Kenya Power. Na umwonyeshe dereva shimo la choo liko wapi asipite juu yake.

Uliza mapema lori ni la kreni ama la kuinamisha kitanda. La kreni linaweka miguu kando, hiyo miguu nayo inataka ardhi ngumu. La kuinamisha linahitaji nafasi ndefu iliyonyooka mbele, futi 20 unahitaji kama mita 18, kwa hivyo ploti ya futi 40 kwa 60 urefu wake unaisha wote. Na sema milango itaangalia wapi kabla kontena haijapakiwa, hilo lori likishafika haligeuzi kontena.

Ikishuka, fungua milango yote miwili mpaka mwisho na uifunge tena dereva akiwa bado hapo. Ikikwama, ainue tena muweke kipande cha chuma chini ya kona iliyo chini. Mimi yangu sikujaribu, nililipa nikamwambia aende.