Anthurium warocqueanum ndani ya nyumba: shida yako iko kwenye mizizi

Mkuu, umeuliza kwa nini Anthurium warocqueanum yako, huu mmea wa mapambo wenye majani marefu ya mahameli, hapo Dodoma inatoa majani madogo, yamejikunja, kingo zimekauka, ilhali unaipulizia maji asubuhi na jioni na umeipa udongo mweusi wenye samadi. Mimi ninayo sebuleni Arusha, na jani lake kubwa linaning'inia kutoka juu ya kabati. Habari ya kupulizia iache kwanza. Utoe huo mmea kwenye udongo wikiendi hii.

Kwao ni Kolombia tu. Misitu ya magharibi, upande wa Chocó, ina mvua ya kutisha. Mji wa Quibdó hupata zaidi ya milimita 7,000 kwa mwaka. Watu wakisikia hivyo wanaufanya mmea uogelee. Lakini huko haukai kwenye tope, hujishika kwenye magome ya miti. Mvua inapiga, maji yanateremka, mizizi inabaki na unyevu pamoja na hewa. Udongo wako mzito umeziba hiyo hewa. Mizizi ikioza haipandishi maji, ndiyo maana kingo zinakauka huku chungu kimelowa.

Mchanganyiko wangu ni makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande, mkaa uliopondwa na kokoto nyepesi za volkano, ambazo huku kwetu si shida kupata. Makumbi yaloweke na kuyasuuza vizuri, mengine yanakuja na chumvi. Ukimwagilia, maji yatoke chini hapo hapo. Yakituama juu, mchanganyiko bado mzito. Mizizi laini ya kahawia ikate kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, ile migumu iache. Tumia chungu kidogo. Chungu kikubwa kinakaa na maji ambayo mmea hauna mizizi ya kuyanywa.

Sasa hewa, na hapa Dodoma inakuonea kweli. Jani jipya hutoka laini sana. Hewa ikiwa kavu linanasa kabla halijafunguka, kisha linachanika. Kupulizia hakusaidii zaidi ya dakika chache, na matone yakilala juu ya jani la mahameli yanakaribisha madoa ya ukungu. Mmea ukiwa bado mdogo, tafuta kabati la vyombo lenye milango ya vioo, weka taa nyeupe ya LED iwake kwa muda wa saa 12 hivi kila siku, na feni ndogo ya kompyuta ya kuzungusha hewa. Nunua na kipima unyevu. Asilimia 70 kwenda juu inatosha. Feni usiiache, maana unyevu bila upepo ni kuoza.

Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya huku Arusha yana madini ya floridi, hata dracaena za watu, yale maua ya ndani ya majani membamba, zinaungua ncha. Nakinga ya paa. Yako kama yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, usiyatumie. Usiku wa Julai uweke mbali na dirisha, baridi chini ya nyuzi 15 inausimamisha kukua.

Angalia pia kama ni wenyewe. Miche midogo ya Anthurium crystallinum, jamaa yake, inaweza kuuzwa kwa jina hili. Crystallinum jani lake hubaki pana, umbo la moyo. Warocqueanum ikikua jani hurefuka na kuning'inia, hata kupita mita moja.

Mwenye watoto au paka auweke juu. Ni ukoo mmoja na magimbi, na utomvu wake unawasha vilevile.

Ukishahamisha, jani la zamani moja au mawili yatageuka njano. Yaache yaanguke yenyewe. Mbolea subiri mpaka uone ncha mpya za mizizi, halafu anza na robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.