Tapeti ikinyamaza ndo uogope

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea kanitumia ujumbe saa nne usiku, "kaka pikipiki yangu inagonga tak tak tak kichwani, fundi kasema tukaze tapeti mpaka itulie, nimruhusu?" Nikausoma mara mbili nikacheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, maana miaka mitatu nyuma huyo kijana nilikuwa mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye kauliza kwanza.

Nimemjibu usiku uleule, ASIKAZE. Tapeti ni zile skrubu na nati za juu kwenye hedi zinazoweka nafasi ndogo kati ya roka, mkono unaosukuma, na valvu, mlango wa kuingiza hewa au kutoa moshi, ukikaza ile nafasi inapungua. Hapa naeleza kwa nini, na nyie wengine wenye pikipiki za porini najua mnataka hichohicho, chombo kisikuachie njiani.

Yangu ni XTZ 125, niliitoa kwenye mnada wa mradi uliofungwa, tairi zimekwisha lakini injini nzima. Niliitaka ile kwa ajili ya kule juu, mnaujua mchanga wa Tandahimba na njia za ndani ndani za Newala, Boxer inafika lakini mikono unailipia jioni. Nauza spea za mashine za kupulizia salfa, kwahiyo mwezi wa sita mpaka wa nane mimi kwangu ni barabarani, mkulima mota ikimzimikia mkorosho unatoa maua haumsubiri, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho tunaoupigia salfa, nao hausubiri mtu.

Sasa ile pikipiki asubuhi ukiipiga kiki inaimba tiki tiki tiki kama cherehani, ikipata moto inapungua. Ndo ilivyo, injini ya skrubu na nati lazima isikike kidogo. Lakini pale kijiweni Masasi kuna jamaa walikuwa na pikipiki mpya kimyaa, kila nikifika wanauliza "fundi cherehani, suruali yangu lini?" Niseme ukweli tu, kilichonipeleka kwa fundi sio injini, ni ile suruali.

Nilienda nimetoka Ndanda moja kwa moja, hedi huwezi kuigusa. Fundi akafungua vikofia viwili vya juu, akashika kile kichwa cha mraba cha skrubu kwa plaizi, akazungusha, akatikisa roka kwa kidole, akafunga. Hakupima na kitu chochote. Nikawasha, bado inasikika kidogo. Nikamwambia ongeza. Akaniangalia, akasema "bosi ikibana sana sio nzuri", nikamwambia mimi ndo nalipa, ongeza. Akaongeza. Kwahiyo wale mnaosoma mkidhani namlaumu fundi, hapana, nusu ya kesi ni yangu na labda zaidi ya nusu.

Niliondoka pale injini kimya mpaka nasikia cheni. Nikapita kijiweni makusudi, taratibu.

Ikaenda wiki kama tatu hivi. Asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto ukiizima kuiwasha tena ni shughuli, sailensa inapiga pa pa, sailensi, yaani mngurumo ukiwa umesimama, haitulii. Nikabadilisha plagi. Nikafungua filta nikakuta unga wa njano wa salfa umeganda na mchanga, nikasema mchawi huyu hapa, nikasafisha, nikajipongeza. Siku hiyohiyo napanda mlima kuelekea Newala na boksi la spea nyuma, gia ya tatu ikakataa, ya pili ikakataa, nikaweka ya kwanza ikaenda kama mita mia ikazima. Nikapiga kiki. Ile kiki ilishuka bila ubishi wowote, nikainama nikaisukuma kwa kiganja cha mkono ikaenda mpaka chini. Nikiikumbuka ile kiki mpaka leo tumbo linacheza. Kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya injini, hakuna kabisa.

Habari ya kusukuma na fuso lililonibeba naruka, jua lilikuwa kali tu basi.

Newala nikapelekwa kwa mzee mmoja, mtu wa maneno machache, akavua hedi mchana uleule. Akanipa valvu ya eksozi, ile ya kutoa moshi, mkononi. Ukingo wake upande mmoja umeliwa, kama kipande cha muhogo kilichopitiwa na panya. Akaniuliza "nani alikaza?" Nikakaa kimya. Akasema, mjukuu wangu, sufuria ya moto ukiiweka kwenye saruji inapoa upesi, ukiishikilia hewani inabaki na moto wake. Valvu nayo inapoa pale inapokalia siti yake. Wewe umeikaza, chuma kikipata moto kinarefuka, ile nafasi ikaisha, valvu ikawa haikalii tena, moto unapita pembeni kila inapolipuka, lazima iungue.

Nimesoma vitabu vya injini kabla na baada, hakuna kilichoniingia kama lile sufuria.

Valvu, gasketi, kusaga siti na ufundi nilimaliza laki na themanini, na katikati ya msimu wa salfa, siku nne sipo barabarani, wateja wawili wakahama na mpaka leo hawajarudi. Mmoja ni mjomba wangu kabisa!

Sasa jinsi ya kufanya. Kwanza injini iwe baridi, baridi ya kulala usiku kucha, sio baridi ya kunywa chai. Toa plagi ili izunguke kirahisi, fungua vikofia vya tapeti na kava za pembeni kwenye magneti. Zungusha kreni, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa spana kufuata upande inakozunguka siku zote, huku unaangalia valvu ya upande wa kabureta, itashuka, itapanda, ikishafunga endelea taratibu mpaka alama ya kwenye magneti ilingane na ya kwenye kava. Shika roka zote mbili, zinatakiwa zicheze kidogo kidogo. Kama hazichezi uko kwenye mzunguko mwingine, pistoni iko juu kweli lakini inamalizia kutoa moshi, zungusha duara moja zima. Hapa ndo wengi wanapotea, wanaseti tapeti valvu ikiwa imekandamizwa halafu wanashangaa.

Ya kwangu kitabu kinasema intake, ile ya upande wa kabureta, 0.08 mpaka 0.12, eksozi 0.10 mpaka 0.14, milimita. Eksozi inazidi kwa sababu ndiyo inayopitiwa na moto. Yako angalia kitabu chake, usichukue namba zangu ukazipeleka kwenye Honda. Na zile za mashindano nyingi hazina skrubu kabisa, zina vibati vya kubadilisha, hizo mpelekee anayezijua.

Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kati ya skrubu na valvu kwa kukwaruza kidogo, kama unachomoa noti iliyobanwa ndani ya pochi. Ikipita bila kugusa imelegea, ikigoma imebana. Halafu kaza nati huku umeshikilia skrubu isizunguke, halafu PIMA TENA, nati huwa inaiburuta skrubu, mimi mwenyewe mara ya kwanza niliacha 0.12 nikakaza nikakuta 0.08. Zungusha kreni mara mbili kwa mkono, pima tena. Mimi nimezoea kuegemea upande wa kulegea, ikae kwenye 0.12 na 0.14, ipige kelele zake.

Huna fila? Yule mzee alipima kwa wembe wa kawaida, nikamdharau moyoni, baadaye nikaupima ule wembe nikakuta ni kama 0.10. Kwa yangu unaingia pande zote mbili. Ila nunua fila bana, hela ya soda tano sita.

Vijana mnaniudhi kitu kimoja, mnatunza pikipiki kwa ajili ya masikio ya watu. Mnang'arisha tenki, mnaweka taa za rangi, oili mnamwaga ikishakuwa lami. Valvu kadiri inavyokaa inazama kwenye siti na ile nafasi inapungua yenyewe bila kukwambia, kwahiyo hata usipokaza pima, mimi kila nikimwaga oili mara ya pili nafungua. Pima ikiwa baridi. Nasema tena baridi, maana najua kuna mtu ameshashika spana sasa hivi na hedi inafuka.

Yule fundi wa kwanza tulishapatana, siku hizi wateja wenye pikipiki za porini ananitumia mimi, na fila yangu iko kwake tangu Jumanne.

Kijana wa Nachingwea, kama kelele ni nzito ya kukwaruza na inatokea ubavuni, hiyo inaweza kuwa taimingi cheni, cheni ya ndani ya injini, sio tapeti. Usiiwashe kesho asubuhi kabla hujapima. Na hivyo vikofia nunua oringi mbili mpya kabisa, za zamani zikishafunguliwa zinavujisha oili mpaka kwenye soksi.