Maswali ya wasomaji: Serikali ikiagiza, nani anapiga hesabu?

Maswali ya safari hii yametoka Kirumba, Nyakato, Igoma na Nansio, mkoani Mwanza. Karibu yote yanahusu masharti ambayo serikali huwawekea wafanyabiashara, na kama wabunge hujua yanagharimu kiasi gani kabla ya kusema "ndiyo".

Nafungasha dagaa Kirumba, nina vijana sita. Kila sharti jipya naambiwa ada yake ni ndogo. Mbona naumia?

Kwa sababu ada ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si hata nusu yake. Chukua upimaji wa afya kwa wanaoshika chakula. Tuseme unafanyika mara mbili kwa mwaka na ada ni shilingi 10,000. Vijana sita mara mbili ni safari 12, kwa hiyo ada ni 120,000. Kila anayekwenda anapoteza siku nzima kwenye foleni. Kama ujira wa siku ni 10,000, hiyo ni 120,000 nyingine. Nauli ya 2,000 kwenda na kurudi inaongeza 24,000. Jumla ni 264,000, yaani 44,000 kwa kila kijana kwa mwaka.

Sasa jilinganishe na kiwanda chenye watu 200. Mpimaji anawafuata hapo hapo, nauli hakuna, na kila mtu anapoteza saa moja tu ya kazi, yenye thamani ya 1,250. Kiwanda kinatumia 22,500 kwa mtu kwa mwaka, karibu nusu ya unachotumia wewe. Sharti ni lile lile na ada ni ile ile, ila mdogo analipa maradufu. Ukienda kulalamika kuhusu ada peke yake utajibiwa kwamba 10,000 si kitu, na anayekujibu atakuwa na hoja. Lalamikia siku zinazopotea. Omba wapimaji waje hapo sokoni Mwaloni kwa siku maalumu: mwenye mamlaka anaweza kukubali bila kugusa mapato yake.

Muswada ukifika Dodoma, wabunge wanaiona hesabu kama hiyo?

Kwenye muswada wenyewe, ni nadra. Unapochapishwa kwenye Gazeti la Serikali huambatana na maelezo ya madhumuni na sababu. Hayo yanaeleza kwa nini sheria inatakiwa na kila sehemu inasema nini. Usitarajie kukuta humo kwamba mwenye mashine ya kusaga pale Igoma ataongezewa gharama kiasi gani.

Mlango wa kuingizia hesabu ni kamati. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, muswada hupelekwa kwenye kamati ya Bunge inayohusika, na kamati huita wadau watoe maoni kwa mdomo au kwa maandishi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanapeleka kilio cha jumla ("tunaumizwa, tuonewe huruma"), na mjumbe wa kamati hana cha kufanya nacho. Anachohitaji ni karatasi moja au mbili zenye mambo haya: namba ya kifungu, gharama ya kuanzia, gharama ya kila mwaka, ni biashara ngapi za aina hiyo zinazoguswa na idadi hiyo imepatikana wapi, kisha maneno mapya mnayotaka yawekwe. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, na ndilo lenye nguvu, maana kamati haiwezi kupeleka kilio kwenye jedwali la marekebisho.

Muswada wa Fedha una haraka yake. Hufika Juni na viwango vipya huanza 1 Julai, hivyo siku za maoni huwa chache. Anayetaka kubadilisha kiwango asisubiri Juni. Apeleke hoja Wizara ya Fedha miezi mingi kabla, kupitia TCCIA (chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima) au chama cha sekta yake.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku ghafla. Bunge lilipiga kura lini?

Hapakuwa na muswada wa kupigiwa kura. Tangazo lilitolewa Bungeni Aprili 2019, na marufuku ikaanza 1 Juni mwaka huo kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Sheria ilikwishampa waziri uwezo huo miaka mingi nyuma.

Mtu akikuambia "Bunge limetupitishia mzigo", muulize kwanza: ni sheria au ni kanuni? Masharti mengi yanayokufikia dukani ni kanuni za waziri au sheria ndogo za halmashauri. Kanuni zikishatangazwa huwasilishwa Bungeni, Kamati ya Sheria Ndogo huzichambua, na Bunge linaweza kuazimia zifutwe. Ila wakati huo tayari zinatumika, na mwenye shehena ya mifuko stoo ameshapata hasara. Sisi tunaona muda wa kujiandaa ndio uliostahili kubishaniwa zaidi, kuliko marufuku yenyewe. Muda ukiongezwa kidogo, hasara ya shehena inapungua sana.

Kenya wana utaratibu mkali zaidi. Sheria yao ya 2013 inataka kanuni zenye gharama kubwa kwa jamii ziandaliwe tathmini ya athari, na kanuni hufikia ukomo baada ya miaka 10 zisipoongezewa muda.

Kwa nini wabunge wasikatae tu masharti yote yanayoongeza gharama?

Kwa sababu kukosa masharti nako kuna gharama. Kati ya 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, kwa hofu ya kipindupindu na baadaye ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Viwanda vya minofu vya Mwanza viliona gharama ya kutokuwa na udhibiti wa kuaminika. Barafu, sakafu inayosafishika na vipimo vya maabara ni ghali, lakini sangara asiye na soko ni hasara kubwa zaidi.

Nasikia Marekani kila sharti lazima lihesabiwe. Ni kweli?

Si kila sharti. Sheria yao ya 1995 inaitaka Ofisi ya Bajeti ya Bunge kukadiria gharama za moja kwa moja za muswada uliopitishwa na kamati. Kwa sekta binafsi, kizingiti cha gharama kinachodai makadirio hayo kiliwekwa dola milioni 100 katika mwaka wowote kati ya mitano ya mwanzo, na hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Makadirio hayo hayazuii muswada kupita.

Nina wafanyakazi tisa Nyakato. Mhasibu ananikataza kuajiri wa kumi. Ananitania?

Hapana. Tozo ya ufundi stadi, SDL, ambayo mwajiri hulipa, ilikuwa asilimia 6 ya mishahara kabla ya 2013, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imeshuka hadi 3.5. Mwaka 2021 Bunge lilipandisha kizingiti cha kuanza kuilipa kutoka wafanyakazi 4 hadi 10. Wadogo walipumua, ila ukuta umehamia mahali pengine.

Tuseme kila mmoja unamlipa 400,000. Ukiwa na tisa, SDL ni sifuri. Akiingia wa kumi, tozo inakokotolewa kwenye mishahara yote, 4,000,000, nayo kwa kiwango hicho cha 3.5 ni 140,000 kwa mwezi. Kwa hiyo huyo wa kumi anakugharimu 540,000, kabla ya NSSF na fidia kwa wafanyakazi. Wa kumi na moja anaongeza SDL ya 14,000 tu. Kama kazi ipo, usivuke na mmoja. Subiri oda zitoshe, uajiri watatu kwa mpigo.