Maikrofoni ya kondensa au ya dainamiki kwa kurekodi sauti chumbani?

Dainamiki, mkuu. Kondensa inanasa kila kitu: kwenye chumba chenye bati na sakafu ya vigae itakuletea feni, jogoo wa jirani na mwangwi wote, hata iwe ya bei kali. Samson Q2U, ambayo ni dainamiki, inatosha kuanzia. Ina USB ya kuchomeka kwenye kompyuta na XLR (tundu la waya wa maikrofoni za studio) ya baadaye ukinunua kadi ya sauti, yaani kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta. Isogelee, vidole vinne hivi kutoka mdomoni, ila ikae pembeni kidogo, la sivyo kila herufi P itapasuka kwenye rekodi. Narekodi matangazo nyumbani kwa mtindo huo. Kwa gitaa kavu kwenye chumba kilichotulia, kondensa ni bora, lakini kadi lazima itoe umeme wa volti 48 wa kuiendesha.